Kielelezo K, Samaki wa Jana

Harjit alirudi Kisumu mwezi wa nane mwaka jana, baada ya miaka mingi kwa wanawe huko Uingereza. Nilipomfungulia mlango, hata salamu hakutoa. Alikunja vidole kama mtu aliyeshika kitu chenye utelezi, akaurusha mkono nyuma ya bega, kisha akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Mimi nikashika ukuta. Wanawake wawili wazima, mmoja nywele nyeupe pe na mwingine magoti yanalia akipanda ngazi, tumesimama mlangoni tukicheka kama wasichana wa bweni, na mjukuu wangu anatutazama kana kwamba tumerukwa na akili. "Dani, kwani kuna nini?" akauliza, maana ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita bibi. Nikamwambia ni hadithi ndefu, atuletee chai kwanza. Nilikuwa nimepika dengu, sukuma wiki na chapati, kwa sababu Harjit hali nyama wala samaki, hajawahi. Tulikaa mezani mpaka chai ya tatu. Alipoondoka nikaona kwamba nisipouandika mwenyewe mwaka ule tuliosoma pamoja, nitakuja kusimuliwa na watu wengine siku ya mazishi yangu, na watu wa mazishi hukosea sana.

Kwa nini niliacha shule nikiwa Kidato cha Pili, sitaeleza hapa. Sababu yangu ilikuwa ileile ya wasichana wengi wa kwetu Asembo. Sasa inaitwa Akinyi, ni mtu mzima na ina kazi yake. Naanzia pale nilipokuwa nakaribia miaka thelathini na minne, nikikaanga samaki kando ya barabara kule Manyatta, mtaa wa Kisumu, na Akinyi mwenyewe yuko Kidato cha Pili. Nilitaka kuwa nesi. Usicheke, wengi walishacheka kabla yako. Kulikuwa na shule ya manesi ya misheni iliyopokea mtu yeyote mwenye cheti cha Kidato cha Nne, wastani usiopungua C- na Baiolojia isiyopungua C, mradi siku ya kuripoti awe hajatimiza miaka thelathini na mitano. Wanafunzi wapya waliripoti mwezi wa nne. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka, na mimi ningetimiza thelathini na mitano mwezi wa tano wa mwaka uliofuata. Kwa hivyo nilikuwa na mtihani mmoja tu. Nikianguka, hakuna kurudia, mlango umefungwa. Kukaanga samaki si aibu, kulinilisha na kulimlisha mtoto, na mpaka leo simruhusu mtu aidharau kazi hiyo mbele yangu. Lakini nilikuwa nimeshajua kwamba kuna kazi nyingine ndani yangu, na ilikuwa inanisumbua kama mfupa kooni.

Darasa letu lilikuwa chumba cha Darasa la Pili katika shule moja ya msingi hapo Manyatta. Watoto wakitoka saa tisa na nusu, sisi tunaingia saa kumi. Watu walituita ngumbaru, jina la zamani la madarasa ya watu wazima, na walilitamka kwa namna ya kukufanya uone haya hata kama umebeba vitabu vya Kidato cha Nne. Madawati yalikuwa ya watoto wa miaka saba. Ukikaa, magoti yanapanda mpaka kifuani, na askari jela mmoja mnene tuliyekuwa naye alilazimika kukaa upande, miguu yake iko njiani, kila mtu anairuka. Ukutani kulikuwa na picha za nyanya, ng'ombe na nyumba, na juu ya ubao mtu alikuwa ameandika NAWA MIKONO. Chumba kilinuka chaki, jasho la watoto, na kuanzia saa kumi, nakiri, kilinuka samaki, kwa sababu mimi nilitoka moja kwa moja kwenye karai langu la kukaangia. Siku ya kwanza nilikaa nyuma kabisa karibu na dirisha ili nisimsumbue mtu. Mwanamke wa Kihindi aliyevaa salwari ya kijani akaingia amechelewa, akatazama huku na huku, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kando yangu. Akakaa. Akakunja pua. Nikamwambia, "Mama, ni samaki, si mimi." Akaniangalia, halafu akasema kwa Kiswahili cha dukani, haraka haraka, "Hapana shida. Mimi nasikia harufu ya rangi na mafuta ya taa siku yote. Samaki ni mabadiliko." Huyo ndiye Harjit. Familia ya mumewe ilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Aliolewa miezi michache kabla ya kufanya mtihani wa Kidato cha Nne, na kwa miaka kumi na sita jambo hilo lilimkera kila siku. Yeye hakutaka kazi. Alitaka tu kumaliza alichoanza.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Ogada, mzee wa Katito aliyestaafu, mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu na sauti ya kuamsha wafu. Alituonya mapema. "Silabasi ni ya miaka minne," alisema, "na nyinyi mna miezi kumi. Maji mmeshayavulia nguo. Anayeogopa baridi aende nyumbani sasa hivi." Hakuna aliyeondoka siku hiyo, ingawa kufikia mwezi wa sita tulikuwa tumebaki tisa. Tulisoma mpaka saa kumi na mbili, na katikati tulikula, kwa sababu Mwalimu aliamini kwamba Hesabu haziingii tumbo likiwa tupu. Mimi nilileta nyoyo, yaani mahindi na maharage ya kuchemsha, kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Harjit alileta chapati zilizojazwa viazi na pilipili, amezifunga kwa kitambaa. Mama mkwe wake alinung'unika kila siku kwamba mke wa mtu anaenda wapi na daftari, na kila siku huyohuyo mama mkwe aliongeza chapati mbili "za yule rafiki yako wa samaki". Sijawahi kula chapati kama zile tena. Nikizifikiria sasa naona kwamba tulipita mtihani ule kwa viazi na maharage kama tulivyopita kwa vitabu.

Nje ya dirisha langu kulikuwa na mfereji wa bomba ambapo akina mama wa mtaa waliteka maji. Walizungumza kana kwamba sisi ndani ni viziwi. Siku moja Mwalimu alikuwa akieleza moyo, vyumba vinne, damu inaingia huku inatokea kule, nami nikasikia mmoja akiniulizia, mimi binti wa Asembo, "Nyar Asembo naye anatafuta nini humo?" Mwingine akajibu, "Eti anataka unesi." Kicheko. "Yawa! Atashika sindano au kisu? Mgonjwa akilala tu, huyo atamparua magamba!" Walicheka mpaka ndoo ikafurika. Ndani, watu wote waliinamisha macho kwenye madaftari, na hapo nikajua kwamba wote wamesikia. Nilikasirika, tena sana. Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Nilitaka kutoka nje nikawaonyeshe kisu ni nini. Harjit akanikanyaga mguu chini ya dawati, akaninong'oneza, "Mama Akinyi, vyumba vinne. Taja." Nikataja vyote vinne, kwa sauti, nimegeukia dirishani. Mwalimu Ogada akasema, "Sawasawa," akaendelea.

Hatukuwa na maabara. Mwalimu alifundisha Baiolojia kwa kile kilichopatikana: panzi, ua la mboga, mfupa wa bucha. Tulipofika kwenye samaki, alinitazama mimi. Kuanzia siku hiyo kila Alhamisi nilileta ngege wawili watatu, wabichi, waliotoka Asembo Bay asubuhi hiyo, nikawalaza juu ya gazeti kwenye dawati la mwalimu. Darasa zima lilinizunguka. Mimi, ambaye kwenye Hesabu nilikuwa sijui kaskazini wala kusini, nilisimama mbele ya ubao nikieleza. Hili hapa ni pezi la kusukumia, mkia. Hili la mgongoni linamzuia asibingirike. Mashavuni, kwenye matamvua, ndiko anakovutia pumzi. Inua hiki kifuniko uone wekundu, na ukiona pamekuwa rangi ya matofali ya zamani, rudisha samaki kwa mwenyewe. Mwalimu alikaa kwenye dawati la mtoto akiandika majina ya Kiingereza ya vitu nilivyokuwa nimevishika maisha yangu yote bila kujua vina majina. Harjit alisimama mbali wiki ya kwanza, kitambaa puani. Wiki ya tatu alikuwa ameshika shavu la ngege kwa vidole viwili, uso umejikunja, akisema, "Haya, nionyeshe tena, vile vijino vya shavuni viko upande gani?" Na jioni, kule barabarani, Akinyi alinisimamia kwenye karai baada ya shule. Mimi nageuza samaki, yeye ameshika kitabu. "Mama, kazi za ini, tano." Nataja nne. "Mteja asisubiri, malizia." Wateja wakazoea. Wengine walianza kujibu wenyewe.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Sisi watahiniwa wa kujitegemea, tusio na shule, tulipangiwa kufanya mtihani katika shule moja ya sekondari mjini, na mtihani wa Baiolojia wa vitendo ulikuwa asubuhi, katika maabara ya kweli yenye meza ndefu na mabomba. Nilipata nafasi karibu na dirisha lililo wazi. Harjit alikuwa meza ya pili kulia kwangu. Msimamizi alikuwa kijana wa tai nyekundu, mkavu, hana mchezo. Aligawa karatasi zikiwa zimefunikwa, akasema tusizifungue bado. Halafu akagawa sinia, na akasema, "Hakikisheni mna kielelezo K, L na M." L ilikuwa tawi lenye majani. M ilikuwa chupa ya majimaji. Nikainua K. K alikuwa samaki, ngege mdogo wa kiganja kimoja, na karibu nipige kigelegele. Mungu wangu, samaki! Kati ya viumbe vyote vya dunia hii! Nikainua kifuniko cha shavu, kama ninavyofanya kila asubuhi, na nikaona ndani si pekundu. Alikuwa samaki wa jana. Mtu aliyetumwa sokoni kuwanunua alikuwa amepigwa chenga mchana kweupe.

Mazoea yana taabu. Muuza samaki akishika samaki wa jana, hafikirii. Samaki huyo akikaa na matumbo yake, saa moja tu na jua hili, atapasuka. Wembe ulikuwa pale kwenye sinia. Nakuapia, sikumbuki kuushika. Mkono wa kulia ulipasua tumbo, wa kushoto uliingia chini ya mashavu, ukazungusha mara moja, ukatoka na kila kitu, matamvua ya pande zote mbili na utumbo wote kwa pamoja, safi, kama nilivyofanya mara elfu na elfu. Na kwa vile nyuma ya meza yangu ya Manyatta huwa kuna korongo, wale wakubwa wenye upara wanaozurura sokoni, mkono uleule ulirusha vyote nyuma ya bega, nje ya dirisha. Nikasikia mabawa. Ndiyo, hata hapo walikuwapo. Nikageuka nikaona korongo ananyoosha shingo, anameza, anajipanga vizuri kusubiri kingine. Nikaanza kutafuta maji ya kumsuuzia samaki.

"Mama!" Msimamizi alikuwa amesimama juu yangu. "Unafanya nini?"

"Natengeneza," nikasema.

"Unatengeneza nini?"

"Samaki."

Chumba kizima kililipuka. Harjit aliinamisha uso juu ya meza, mabega yanatetemeka. Msimamizi akapiga meza, akaamuru kimya, na akasema tufungue karatasi. Nikafungua. Swali la kwanza: inua kifuniko cha shavu la kielelezo K, toa tamvua moja, lichore, uandike majina ya sehemu zake. Ndilo lililobeba alama nyingi kuliko mengine yote.

Niliinua mkono, nikamwomba msimamizi samaki mwingine. "Kila mtahiniwa na wake," akasema. "Hakuna wa ziada." Nikamwomba basi niruhusiwe kutoka nje nikaangalie, pengine kuna kilichobaki. Akatazama dirishani. Korongo akamtazama. "Mama," akasema, na sasa sauti ilikuwa imelegea kidogo, "hakuna kutoka. Chora ulicho nacho." Sikuwa na kitu. Nilikuwa na samaki mtupu kama mfuko. Nikawaza mwezi wa tano, miaka thelathini na mitano. Nikawaza wale wanawake wa mferejini, kumbe walisema kweli, nimempa mtihani wangu ndege ale. Machozi yalikuja na nikayaacha yaje. Dakika tano nzima zilipita hivyo, kama si kumi.

Halafu nikajifuta kwa mkono wa gauni, na harufu ikaniingia puani, ile harufu yangu ya kila siku. Nikajiuliza: wewe Nyar Asembo, umeinua mashavu ya samaki mara ngapi? Wateja wangapi wamekuambia, "Fungua nione," nawe ukafungua? Nikafumba macho. Na tamvua lilikuwa pale. Mfupa mweupe uliopinda. Upande wa ndani, unaoelekea mdomoni, vile vijino vifupi vinavyozuia uchafu. Upande wa nje nyuzi nyekundu, nyingi, laini, zimelala pamoja. Nikafungua macho, nikachukua penseli. Nilichora kubwa, mstari mmoja safi, bila kupaka kivuli, kama Mwalimu Ogada alivyotugombeza mwaka mzima. Nikaandika majina kwa Kiingereza, kila moja kwenye mstari wake. Nilipomaliza na kuutazama mchoro, hofu iliondoka. Nilijua ni sahihi. Hakuna mtu katika chumba kile, hata aliyetunga swali, aliyekuwa ameliona tamvua mara nyingi kuliko mimi. Nikashika maswali mengine, na kengele ilipolia nilikuwa namalizia la mwisho.

Mpaka leo, mwanafunzi wa unesi akiletwa kwenye wadi yangu, kitu cha kwanza ninachomfundisha ni kufunga mikono nyuma. Simama kando ya kitanda, mikono nyuma, soma faili, muulize mgonjwa anaitwa nani na anaumwa wapi, ndipo mikono ije mbele. Wananiona mzee mwenye vituko. Wafanye hivyo tu. Mikono yenye ujuzi ni hatari kuliko ile isiyojua kitu, kwa sababu haingoji kuambiwa, na wadi si mahali pa kugundua jambo hilo.

Nilimweleza Mwalimu Ogada jioni ile. Akatoa kitambaa, akafunika nacho uso wake, na nikaona koti la kijivu linaruka kwa kicheko. Alipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Vile vijino, umevielekeza wapi?" Nikasema, "Mdomoni." Akaitikia kwa kichwa polepole. "Nenda nyumbani ukapike," akasema. "Hutakuwa muuza samaki muda mrefu." Mwalimu alifariki miaka mingi iliyopita, tukamzika kwao Katito, na nililia siku ile kuliko watu wengi wa ukoo wake. Alinipa maisha haya, na sijui neno jingine la kuliita jambo hilo.

Miezi ya kusubiri matokeo nilikaanga samaki na kugombana na kila mtu. Mwishoni mwa mwezi wa pili tulikwenda kwenye ile shule ya sekondari, mimi na Harjit, tumeshikana mikono kama watoto. Majina yalikuwa yamebandikwa ukutani nje ya ofisi. Harjit alipata B-, na kwenye Baiolojia, yeye asiyekula hata yai, alipata B+. Alipiga ukelele, mwalimu mmoja akachungulia dirishani. Mimi nilishindwa kusoma, herufi zilikuwa zinacheza, ikabidi anisomee yeye, kidole chake kikifuata mstari. Hesabu D. Kiingereza C. Kiswahili B-. Akanyamaza kidogo, mwovu yule, makusudi. "Harjit!" nikasema. Akasoma, "Baiolojia, C+. Wastani, C-." Nilikaa chini, palepale kwenye saruji, na nguo yangu nzuri. Nilikuwa nimepita kwa unyoya, lakini nilikuwa nimepita.

Niliripoti shule ya manesi siku ya Jumatatu, mwezi wa nne. Akinyi alikuwa likizo, akasisitiza kunisindikiza, akabeba sanduku langu la chuma kichwani kutoka barabara kuu mpaka langoni. Alikuwa amenipita urefu, amevaa sketi yake nzuri, nywele amesuka. Mbele yetu kulikuwa na wasichana wengi na mama zao, wanakumbatiana na kupeana maagizo. Zamu yetu ilipofika, askari wa lango alimtazama Akinyi na sanduku, akafungua mlango mdogo. "Karibu, msichana," akasema. Kisha akaninyooshea mimi kiganja, kwa heshima kabisa. "Mama, samahani. Wazazi wanabaki hapa nje. Anaingia mwanafunzi peke yake."

"Mwanafunzi ni mimi," nikamwambia.

Alitazama barua, akanitazama, akamtazama Akinyi, akarudi kwenye barua. Akinyi alishusha sanduku kichwani, akaniwekea mkononi, akanikazia kola ya gauni kama nilivyomfanyia yeye kila muhula. "Usome kwa bidii, Mama," akasema, kisha akaenda kusimama kivulini pamoja na wazazi wengine.